Kupanda Mchongoma: Tahakiki ya Sifa ya Vicente Trueba

Msomaji, iko methali ambayo bila shaka umeisikia tangu utotoni: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mchongoma ni mti wa miiba. Aupandaye huwa macho yake yameelekea juu. Atakapo kurudi ardhini ndipo ajuapo kuwa miiba ilikuwa ikimngoja. Kwa hiyo aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya, au hata kumcheka, mtu aliyeingia katika jambo bila ya kufikiri njia ya kutokea. Ni methali ya kweli. Lakini ukweli wa methali ni kama nuru ya taa iliyowekwa pembeni mwa chumba: huangaza upande mmoja vizuri sana, na upande wa pili ukabaki na vivuli. Katika insha hii nataka tuipime methali hii kwa maisha ya mtu mmoja ambaye kupanda na kushuka ndiko kulikokuwa kazi yake, kisha tumpime mtu huyo kwa methali.

Pengine utashangaa kuona mwendesha baiskeli akifanywa mada ya tahakiki. Umezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na hadithi. Lakini kuhakiki ni kupambanua: ni kutenga kilicho bora na kilicho duni, na kueleza sababu. Tendo la mtu nalo lina mwanzo na mwisho, lina nguvu na kasoro. Na sifa iliyovuma juu yake ni hadithi iliyotungwa na watu, nayo yaweza kuwa imetungwa vyema au vibaya. Sifa hiyo ndiyo nitakayoihakiki.

Mtu mwenyewe aliitwa Vicente Trueba. Alizaliwa mwaka 1905 huko Sierrapando, karibu na mji wa Torrelavega, katika jimbo la Cantabria, kaskazini mwa Uhispania. Nchi hiyo imebanwa kati ya bahari na milima. Ukiipa pwani kisogo huendi mbali kabla ardhi haijaanza kuinuka mbele yako. Nyumbani kwao Trueba hakuwa peke yake katika kupenda baiskeli. Ndugu zake nao walishindana, na mmoja wao, Fermín, alipata kuwa wa pili katika mashindano ya kuizunguka Uhispania ya mwaka 1941. Vicente alikuwa mdogo wa umbo. Kimo chake kilikuwa kiasi cha mita 1.54, na uzito wake takriban kilo 50. Kwa umbo hilo watu walimpa jina ambalo halikumtoka mpaka alipofariki mwaka 1986: walimwita Kiroboto wa Torrelavega.

Mashindano yaliyompa sifa ni yale ya kuizunguka Ufaransa, yaitwayo Tour de France. Yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti la michezo lililoitwa L'Auto, na mkuu wa gazeti hilo, Henri Desgrange, ndiye aliyeyatawala kwa mkono wa chuma kwa miaka mingi. Ili uelewe neno nitakalosema, yakupasa kwanza ujue namna mashindano hayo yanavyohesabiwa. Safari hugawanywa katika vituo vya siku kwa siku. Kila siku washindani huondoka mji mmoja na kuishia mji mwingine, na muda wa kila mmoja huandikwa afikapo mwisho. Muda wa siku zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Basi tia akilini jambo hili: saa husomwa mwishoni mwa kituo. Yaliyotukia katikati ya njia, yawe ya ajabu namna gani, saa haiyajui.

Baiskeli za zama zile hazikuwa kama hizi uzionazo leo mashindanoni. Vifaa vya kubadilishia gia wakati mtu akiwa mwendoni havikuruhusiwa kwa washindani wakubwa wa Tour de France mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili, upande mmoja wa kupandia na upande mwingine wa kwendea tambarare na mteremko. Mtu alipofika chini ya mlima alishuka, akalifungua gurudumu, akaligeuza, akaufunga tena mnyororo, ndipo akaanza kupanda. Alipofika kileleni aliweza kufanya tena vivyo hivyo, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Barabara za juu milimani zilikuwa za kokoto na udongo, zenye vumbi jua likiwaka na tope mvua ikinyesha. Wewe uliyewahi kuendesha baiskeli yenye mzigo kwenye kilima, ukafika mahali ambapo kila kanyagio linasukumwa kwa uzito wa mwili mzima, una kipimo chako mwenyewe cha kazi hiyo. Zidisha kilima chako mpaka kiwe cha saa nzima au zaidi, na juu yake uweke theluji ambayo jua la Julai halijaweza kuiyeyusha.

Trueba aliingia Tour de France kwa mara ya kwanza mwaka 1930, akamaliza wa 24. Alirudi mwaka 1932, akamaliza wa 27. Hizi si nafasi za kuvumisha jina. Halafu ukaja mwaka 1933. Mwaka huo Uhispania haikuwa na timu ya taifa mashindanoni. Wafaransa, Waitalia, Wabelgiji na wengineo walikuwa na timu zao, ambamo mtu aliyepatwa na msiba njiani aliweza kusaidiwa na wenzake. Trueba aliingia miongoni mwa wale walioitwa watalii wa barabarani, yaani washindani wasio na timu, ambao kila mmoja alijitegemea. Walioanza safari walikuwa watu 80. Mbele yao zilikuwa kilomita 4,395 katika vituo 23. Waliofika Paris walikuwa 40 tu, nusu kamili ya walioanza.

Na mwaka huo huo waandalizi walifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa utaratibu rasmi. Zamani gazeti lilikuwa likimsifu tu mpandaji bora wa milima kwa maoni yake. Mwaka 1933 likawekwa shindano maalumu ndani ya mashindano makuu: juu ya vilele vilivyochaguliwa kutahesabiwa nani ametangulia kufika, naye atapewa alama, mwenye alama nyingi kuliko wote mwishoni atatambuliwa kuwa mpandaji mkuu. Baadaye watu walikiita cheo hicho Mfalme wa Milima, na tangu mwaka 1975 mwenye kukishikilia huvaa fulana nyeupe yenye madoadoa mekundu. Wa kwanza kukitwaa alikuwa Trueba.

Hakukitwaa kwa bahati. Juu ya Ballon d'Alsace, mlima wa mashariki, alitangulia yeye. Katika milima ya Alps, juu ya Galibier, ambako barabara ya wakati ule ilipita zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, alitangulia yeye. Katika milima ya Pyrenees, ambayo ni mpaka wa Ufaransa na kwao Uhispania, alitangulia yeye juu ya Peyresourde, akatangulia juu ya Aspin, na siku iliyofuata akatangulia juu ya Tourmalet, wenye mita 2,115. Watu waliosimama kando ya barabara kungoja wakuu wenye majina waliona kwanza umbo dogo likipanda peke yake, na nyuma yake barabara tupu.

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari. Katika mashindano hayo yote, Trueba hakushinda kituo hata kimoja. Wala hakupata kushinda hata kimoja katika miaka mingine aliyoshiriki. Siku ile aliyotangulia juu ya Galibier, aliyefika wa kwanza Grenoble, mji wa mwisho wa kituo, alikuwa Mwitalia Learco Guerra, bingwa wa dunia wa mwaka 1931, mtu mwenye nguvu ambaye watu walimwita gari-moshi la kibinadamu. Kutoka kilele cha Galibier mpaka Grenoble ni karibu kilomita 100 za mteremko na bonde. Dakika ambazo Kiroboto alizichuma kwa jasho juu mlimani aliziacha njiani moja moja, kama mtu abebaye nafaka katika gunia lililotoboka. Alipofika Paris alikuwa wa sita. Aliyeshinda mashindano alikuwa Mfaransa Georges Speicher, ambaye miongoni mwa sifa zake kubwa ulikuwa ustadi wake wa kuteremka. Guerra alikuwa wa pili, na Mwitalia mwingine, Giuseppe Martano, ambaye yeye pia alikuwa katika kundi la wasio na timu, akawa wa tatu. Kati ya Speicher na Trueba palikuwa na muda usiofika dakika 30, baada ya safari ya takriban saa 148.

Naam, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali imempata mtu wake. Lakini hebu tusifunge hukumu upesi. Tuulize kwanza kwa nini.

Ilisemwa, na rekodi zinakubali, kwamba Trueba hakuwa hodari wa kuteremka. Baadhi ya sababu zimo katika mwili wenyewe. Apandaye mlima huuinua uzito wake. Kila kilo ni mzigo. Mtu wa kilo 50 ana mzigo mwepesi kuliko wa mtu wa kilo 75, na ikiwa moyo na mapafu yake ni imara, hana budi kutangulia. Lakini katika kuteremka mambo hugeuka. Uzito ule uliokuwa mzigo sasa huwa ni nguvu ivutayo chini, na adui ni upepo wa mbele. Mtu mkubwa huukabili upepo kwa kifua kilichozidi kidogo tu, lakini huvutwa na uzito uliozidi sana; hivyo huenda kasi. Mtu mdogo hupeperushwa kama unyoya. Kisha likija bonde tambarare, wale walio nyuma huendesha kwa kundi, wakipokezana kuukata upepo, huku aliye mbele akiukata peke yake. Msomaji, neema ile ile iliyompandisha Trueba ndiyo iliyomcheleweshea kushuka. Hakupewa kipaji na kasoro kuwa vitu viwili. Alipewa kitu kimoja chenye nyuso mbili.

Juu ya mtu huyu watu wametoa hukumu mbili, na zote mbili nadhani zina upungufu.

Hukumu ya kwanza husema: Trueba alidhulumiwa. Mtu aliyewatangulia wenzake katika milima mikubwa ya Ufaransa, katika kazi ngumu kuliko zote, alistahili zaidi ya nafasi ya sita. Hukumu hii ina huruma, na huruma ni jambo jema, lakini huruma isiyopima hukosa haki. Hakuna aliyemficha Trueba kanuni. Alijua tangu asubuhi ya kwanza kwamba njia ina mlima, mteremko na bonde, na kwamba saa husomwa mwisho. Kushuka nako ni kazi. Kunataka jicho, mkono mwepesi juu ya breki, na ushujaa wa kuingia kona ya kokoto pasipo kujua kilichoko ng'ambo yake. Speicher hakuiba kitu. Alifanya vizuri sehemu ya safari ambayo Trueba aliifanya kwa unyonge. Tukisema kupanda peke yake ndiko kazi ya kweli na kushuka ni bahati, tutakuwa tumewadhulumu wengine ili kumlipa mmoja.

Hukumu ya pili ni kali zaidi, nayo hutolewa na watu wapendao kusoma orodha za washindi. Wao husema: hakushinda mashindano, hakushinda hata kituo, basi alikuwa nusu ya mshindani, na cheo chake cha milima kilikuwa pipi ya kumnyamazishia mtoto. Hukumu hii ina faida ya kuwa na tarakimu, na tarakimu huonekana kuwa ni kweli tupu. Lakini tarakimu hujibu lile tu zililoulizwa. Orodha ya washindi iliuliza: nani alifika mjini kwanza? Haikuuliza: nani alifika juu kwanza? Na tangu mwaka 1910, mashindano yalipopelekwa kwa mara ya kwanza katika milima mirefu ya Pyrenees, swali hili la pili ndilo lililokuwa katika vinywa vya watu. Mtu aliyepanda kwa miguu usiku kwenda kukaa kando ya barabara ya Tourmalet hakwenda kutazama saa ya mjini. Alikwenda kuona nani ataibuka kwanza kutoka katika ukungu.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo hukumu zote mbili zimelipita. Zote hubishana juu ya mtu. Hakuna inayoitazama mizani. Je, nani aliyeweka mstari wa kumalizia mahali ulipowekwa? Hakuuweka Mungu, wala haukuota wenyewe kama mti. Uliwekwa na watu, nao waliuweka mijini kwa sababu za kibinadamu kabisa: mjini ndiko kwenye mahoteli, kwenye umati, na kwenye fedha za kuwakaribisha washindani. Katika siku za Trueba hapakuwa na kituo hata kimoja cha Tour de France kilichoishia kileleni mwa mlima. Kwa hiyo kila dakika iliyopatikana kwa kupanda ilipaswa kulindwa katika mteremko na bonde kabla ya kuandikwa, lakini dakika iliyopatikana bondeni karibu na mji iliandikwa ingali mbichi. Mizani ile haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Na ushahidi kwamba mizani ilikuwa hivyo ulitolewa na wenye mizani wenyewe. Desgrange, ambaye hakuwa mtu wa kubadilisha kanuni kwa ajili ya kumfurahisha mtu, aliona mwaka 1933 jinsi mpandaji bora alivyotangulia kilele baada ya kilele bila kupata faida katika jumla ya muda. Kuanzia mwaka 1934 ikawekwa kanuni kwamba atanguliaye juu ya vilele vya milima apewe zawadi ya muda. Kwa maneno mengine, saa iliyokuwa ikisomwa mijini tu ilianza kusomwa kidogo na milimani. Mtu wa kilo 50, asiye na timu, asiyeshinda kituo, aliyageuza mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo wake. Wako mabingwa wengi walioshinda kwa mujibu wa kanuni. Ni wachache waliozifanya kanuni zijitazame.

Ungetazamia kwamba sasa Kiroboto angevuna. Hakuvuna. Mwaka 1934 alirudi, safari hii katika timu moja iliyochanganya Waswisi na Wahispania, akamaliza wa kumi. Ufalme wa milima ulichukuliwa na kijana wa Kifaransa wa miaka 20, René Vietto, na Trueba akawa wa pili. Vietto alijua kupanda, tena alijua kushinda vituo. Mashindano ya mwaka 1935 Trueba hakuyamaliza. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania, na miaka ambayo labda ingeweza kuongeza kitu katika habari hii ikaliwa na moto mkubwa zaidi.

Sitaki kukuficha, msomaji, kwamba huu si mwisho mtamu. Laiti ningekuwa natunga ngano, ningempa ushindi mmoja kileleni mwa mlima, na tarumbeta. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kuongeza beti katika shairi la mwingine. Aliyepanda mbegu si lazima awe ndiye atakayekula matunda, na heshima ya mpanzi haipungui kwa sababu hiyo.

Matunda yenyewe yaliiva polepole. Mwaka 1952, yaani miaka 19 baada ya ufalme wa Trueba, Tour de France iliishia kwa mara ya kwanza juu ya milima: L'Alpe d'Huez, Sestriere na Puy de Dôme. Hatimaye saa ilipandishwa mlimani. Vituo hivyo vyote vitatu alivishinda Mwitalia Fausto Coppi, mtu aliyejua kupanda na kushuka pia. Na mwaka 1959 Mhispania alishinda Tour de France kwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa Federico Bahamontes, nao walimwita Tai wa Toledo. Yeye naye alianza kujulikana kwa kupanda; alikuwa Mfalme wa Milima mara sita katika maisha yake. Lakini katika mwaka wake mkuu aliikuta njia ambayo Trueba hakuipata kamwe: kituo cha kushindana na saa, kila mtu peke yake, kilichoishia juu kabisa ya Puy de Dôme. Bahamontes alikishinda, na muda aliouchuma pale ulikuwa nguzo moja ya ushindi wake. Sisemi kwamba Trueba angeshinda lau angekuwa mahali pake. Maneno ya lau na kama hayapandi mlima. Nasema kwamba kipaji cha namna moja kilipimwa kwa mizani mbili katika miaka miwili tofauti, na kikatoka na uzito mbalimbali.

Limebaki jina. Kiroboto ni jina la mapenzi na la dharau kwa pamoja, kama yalivyo majina mengi ya utani. Hapana shaka waliolitoa walitaka kusifu wepesi wake, na Wafaransa na Wahispania walilitamka kwa tabasamu. Hata hivyo, nalihesabu kuwa ni tamathali iliyoshindwa. Kiroboto huruka. Mruko ni jambo la kufumba na kufumbua. Halina uchovu, halina uamuzi, nalo mdudu hulifanya kwa maumbile tu. Apandaye Galibier haruki. Husukuma kanyagio moja, kisha jingine, kwa saa nzima na zaidi, na katika kila kona huwa na sababu mpya ya kupumzika ambayo huikataa. Jina la Kiroboto hutufanya tuione kazi ile kuwa ni kichekesho cha maumbile, kwamba mtu mdogo alirushwa juu na udogo wake. Linganisha na jina la Tai, alilopewa Bahamontes baadaye. Tai pia huenda juu kwa maumbile, lakini huenda kwa enzi. Watu wawili wa nchi moja, wa kazi moja: yule asiyeshinda akapewa jina la mdudu, na yule aliyeshinda jina la ndege mtukufu. Hapo utaona jinsi hata majina hungojea kusoma orodha ya washindi kabla ya kuchagua mnyama wake.

Basi turudi kwenye mchongoma wetu. Methali yasema kweli kwamba kushuka ndiko ngoma, na Trueba aliicheza ngoma hiyo vibaya. Alifunzwa na kila mteremko wa Ufaransa kwamba nusu ya kazi, hata ikifanywa kwa utukufu, ni nusu. Wewe ukiwa na kipaji cha jambo moja usikifanye kipaji hicho kuwa udhuru wa kutojifunza jambo la pili. Njia haitakusamehe kwa kuwa ulipendeza ulipokuwa ukipanda. Hilo ndilo funzo ambalo methali yampa mtu.

Lakini mtu naye ana funzo la kuipa methali. Methali huzungumza kana kwamba mti uko peke yake, na mtu yuko peke yake, na hukumu inajulikana. Haiulizi nani aliyesimama chini ya mti akihesabu, wala kwa nini alisimama chini na si juu. Siku moja utahukumiwa kwa mtihani, au kwa kazi, au kwa neno la wakubwa. Na siku nyingine utakuwa wewe unayewahukumu wengine, nayo siku hiyo ni ya hatari zaidi. Utakapohukumiwa, kumbuka Speicher, ukaitimize njia yote mpaka mwisho. Utakapohukumu, kumbuka barabara ya Galibier mwaka 1933, na mtu mmoja mdogo akipita kileleni peke yake mahali ambapo saa haikuwapo. Kisha uliza, kabla ya kuandika jina la mshindi, mstari umechorwa wapi, na ni nani aliyeuchora.